Zahanati au Maji

Nilikuwa afisa mahusiano ya jamii wa kampuni iliyofuga samaki kwenye vizimba ziwani, upande wa Chiwanda. Kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza wanakijiji na kufikisha maneno yao ofisini Mbinga. Mama yangu mdogo aliishi kijiji hichohicho.

Kampuni iliahidi kujenga zahanati. Lakini vizimba vyake viliwekwa ndani ya ghuba, mahali wanawake walipochota maji na wavuvi walipovua usipa, dagaa wa kwetu. Mabaki ya chakula cha samaki yakafanya maji yanuke. Nilipeleka malalamiko zaidi ya mara moja, nikajibiwa kwamba zahanati inakuja.

Kisha wakaja wageni, watu waliotia mtaji wao katika kampuni. Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, nami nikatafsiri. Meneja alionyesha mchoro wa zahanati, watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akauliza kama kuna mwenye neno.

Mama mdogo akasimama. Binti yake aliwahi kujifungulia ndani ya mtumbwi akipelekwa hospitali, na mtoto hakuishi.

"Kwa zahanati tunashukuru," alisema. "Lakini maji yananuka. Ondoeni vizimba kwanza."

Meneja akanitaka nimweleze mama mdogo kwamba kuvihamishia kilindini ni gharama. Fedha zilizopo zingetosha jambo moja tu. Yule mgeni akasema basi wachague wenyewe.

"Mwanangu, ndivyo walivyosema, au umeongeza?" mama mdogo aliniuliza.

"Ndivyo, mama."

"Zahanati hata serikali inaweza kutujengea. Maji mengine atatuletea nani?"

Akanyoosha mkono. Wengi wakamfuata, si wote. Mwenyekiti wa kijiji alinyoosha wa mwisho.

Vizimba vilihamishwa kabla ya mvua. Mwera, upepo wa kusini, ulipovuma ulivunja baadhi. Kampuni ikavitengeneza na kuendelea. Maji yaliacha kunuka. Usipa walirudi ghubani, ingawa si kama zamani. Zahanati haijajengwa mpaka leo.

Juzi mjukuu wa mama mdogo alishikwa na homa kali. Tulimpeleka kwa bodaboda hadi zahanati ya kijiji cha mbali, mama mdogo amempakata katikati yetu. Alitibiwa, akapata nafuu. Tukirudi, mama mdogo alizungumzia mihogo yake inayoliwa na nguruwe pori. Kuhusu mkutano ule hakusema neno, nami sikumuuliza.