Stacy Mwakio na Maganda Elfu Nne ya Shaba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la wafanyakazi kutoka Muaither linamteremsha Stacy Mwakio mbele ya klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Doha. Miwani yake inaingia ukungu papo hapo. Ni Septemba, na hewa imelowa kama taulo. Anaipangusa kwa ncha ya shati, anafungua karakana, anavaa glavu nyeupe za pamba na kuokota ganda la kwanza.

Ni kikombe kidogo cha shaba, kifupi kuliko ncha ya kidole. Wanachama wa klabu hujitengenezea risasi za mashindano, na kila moja huvishwa ganda kama hili. Lenye doa hutupwa. Kazi ya Stacy ni kuyang'arisha yaliyofifia.

"Nikiligusa kwa mkono mtupu, jasho linabaki hapo," anasema. "Keshokutwa utaona alama nyeusi ya kidole changu."

Stacy, mwenye miaka 36, alitoka Voi mwaka 2009 kuja kufanya usafi. Kwa miaka mitano alifagia chini ya meza hii bila ruhusa ya kugusa kilicho juu yake. Mara mbili aliomba nafasi ya fundi msaidizi, na mara mbili akaambiwa klabu inatafuta mtu mwenye ujuzi.

Ujuzi aliupata mwaka jana, na nusura umponze.

Maganda elfu nne yalikuwa yamekaa kwenye kontena majira yote ya joto. Sanduku lilipofunguliwa, yalikuwa meusi kama mbegu za papai. Zilibaki siku tisa mashindano yaanze, na mzigo mwingine ungechukua wiki sita. Msimamizi wa karakana, Mzee Harun, Mganda kutoka Mbale, alikuwa ameshaandika barua ya kuyatupa.

Stacy aliweka ufagio kando, akamwomba siku mbili. Harun akamwuliza kama anajua akiyaharibu lawama itakuwa ya nani. Alijua. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule.

Mama yake alisugua sinia za shaba katika nyumba ya wageni huko Voi kwa miaka ishirini, kwa ukwaju na kitambaa. Alifariki mwaka 2012. Stacy alisikiliza mazishi kwa simu, akiwa amekaa kwenye ngazi za bweni, mpaka salio likaisha wimbo ukiwa katikati.

Alinunua ukwaju kwenye duka la Wahindi, akauloweka, akatumbukiza maganda mia mbili. Yalitoka mekundu, mazuri mno. Akayasuuza, kisha akafanya ambacho kila mwanamke wa kwao hufanya na vyombo vilivyooshwa: akayatoa nje, akayaanika juani.

Baada ya saa moja yalikuwa na madoa ya kijani.

"Dada, hapa si Voi," Harun alimwambia. "Jua la hapa linakuja na bahari yake, na chumvi yake."

Stacy alikaa karibu na ukuta akiwaza, huku kiyoyozi kikimdondoshea maji begani. Akakumbuka kwamba wasichana wa kazi za ndani hukinga maji hayo kwa ajili ya pasi, kwa kuwa hayaachi chumvi. Akaweka ndoo.

Maganda yale mia mbili aliyarudisha kwenye ukwaju, akayasuuza kwa maji ya kiyoyozi, akayakaushia ndani, mlango umefungwa. Sokoni, kwa wauza ndege, alikuwa ameona magunzi ya mahindi yaliyosagwa, ya kutandika vizimbani. Akanunua kilo tano, akayatia pamoja na maganda ndani ya foronya, akatikisa mpaka mabega yakawaka moto. Yalipong'aa, akafanya hivyohivyo kwa yote yaliyobaki.

Siku ya pili jioni, Harun alivaa miwani yake na kukagua ganda moja moja. Kisha akaichana ile barua.

Kati ya maganda elfu nne, yaliyokataliwa yalikuwa thelathini na moja. Klabu ilishiriki mashindano na kurudi na medali mbili. Oktoba mosi, Stacy alitia saini mkataba mpya wa fundi msaidizi, na mshahara ukapanda kutoka riyali 1,100 hadi 2,300. Maelekezo yake, pamoja na hatua ya ndoo ya kiyoyozi, sasa yamebandikwa ukutani.

"Waliniuliza nimesomea wapi," anasema. "Nikawaambia kwa mama."

Harun anastaafu mwakani. Stacy ameshajaza fomu ya kuomba nafasi yake, na safari hii hakumwomba mtu aisome kwanza kuona kama iko sawa.

"Kiti akichukue," Harun anasema kutoka upande wa pili wa meza. "Mto wa kukalia ni wangu."

Stacy hainui macho. Analigeuza ganda kwenye mwanga, anaridhika, anachukua lingine.

"Nenda nao, Mzee," anasema. "Mimi hufanya kazi nimesimama."