Kiti cha Mkamwana

Pikapu ya baba mkwe wangu ilikuwa kuukuu tangu naolewa. Gia yake ilikuwa kwenye usukani, na mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu kama benchi la kanisani, watu watatu wanakaa bila kusukumana. Kwenye kiti hicho mzee alizeekea, akipeleka mpunga wa Ipinda na kakao hadi Tukuyu na Mbeya.

Mimi sikuwahi kukikalia. Kwetu Unyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe wake, na uoga wenyewe si wa kupigwa. Humtazami usoni, humsalimii, mkikaribia kukutana njiani unaingia shambani mpaka apite, na mahali alipokaa yeye wewe hukai. Benchi ni kitu kimoja. Ukikalia ncha hii umekalia na ile. Kwa hiyo kila safari nilipanda nyuma juu ya magunia, mgongo nimekipa kioo cha kabini, turubai kichwani. Heshima si utumwa, tulifundishwa, nami niliishika kwa meno kuliko hata walionifundisha. Nilipenda kusifiwa kwamba nina adabu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mgongo ukaharibika. Hospitali ilikuwa Mbeya, na ukitoka kwenye joto la Kyela unaingia mvua na baridi ya Tukuyu ghafla, kama mtu aliyesukumwa mtoni. Nilikuwa nateremshwa nimekakamaa, wauguzi wananikunjua taratibu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba ya kila namna inaingia, mpaka magari ya kifahari yakaanza kupita barabara zetu na mengine kupinduka kwenye kona zetu. Kutoka kwenye moja lililopinduka, baba mkwe alinunua viti viwili vya mbele: vya ngozi, vinasogea na kulala kwa swichi, na ndani vina nyaya za kupasha moto.

Kijiji kilicheka. Kyela, ambako hata ukuta unatoka jasho, mtu anaweka moto chini ya makalio! Wenye utani walisema mzee kaleta kitimoto kisicholiwa. Na mimi nilicheka jikoni, tena kwa sauti.

Fundi umeme alitoka Kyela mjini. Aling'oa benchi, akachomelea vipande vya chuma sakafuni ili viti vipya vipate pa kufungiwa boliti, kisha akalalamika kwamba dainamo ya gari lile haiwezi kulisha mota na moto kwa pamoja. Ikatafutwa altaneta, inayofua umeme mwingi zaidi. Niliyaona yote kupitia mianya ya ukuta wa matete wa jiko, maana uwanjani alikuwepo baba mkwe.

"Cha dereva usikihangaikie," nilimsikia akimwambia fundi. "Hiki cha kushoto ndicho nataka kipate moto."

Nikasema moyoni, mzee bahili huyu, anaionea huruma betri.

Kazi ilipoisha fundi akawasha injini. Baba mkwe akauliza kama moto unakuja, fundi akasema unakuja. Basi yule mzee, kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta, akafungua mlango wa kushoto akaketi. Akabonyeza swichi, kiti kikalala, akabonyeza tena kikainuka. Akacheka peke yake. "Ndaga fijo," akamshukuru fundi. Kisha akahamia upande wa usukani, akalisogeza gari kivulini.

Siku yangu ya hospitali ilipofika, aliyeshika usukani alikuwa mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye biashara zake za Karonga. Baba mkwe alibaki ndani ya nyumba ili mimi nitoke kwa amani. Mama mkwe akaniongoza kwa mkono mpaka kwenye mlango wa kushoto.

"Panda hapa, mwanangu. Benchi liling'olewa kwa ajili yako. Kile ni cha dereva, hiki ni chako."

Ndipo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukanichoma. Mzee asiyeweza hata kuniuliza mgongo unaendeleaje alikuwa amelikata gari lake katikati ili nipate mahali ambapo yeye hajakaa. Halafu, kwa kuhakikisha tu kwamba sitapata baridi, akapakalia.

"Mama, siwezi. Alikaa hapo."

"Alikuwa anajaribu moto tu."

"Alikaa, mama. Nilimwona."

Angeweza kunishurutisha. Lakini naye aliwahi kuwa mkamwana wa watu, akauachia mkono wangu. Mume wangu alikuwa ameshaingia, anatazama usukani. Nilifungua mnyororo wa bodi ya nyuma, nikapanda. Mvua ilitukuta kabla ya Tukuyu, na upande wa pili wa kioo kiti kile kilikwenda kitupu mpaka Mbeya, moto wake umewashwa, kwa sababu mume wangu hakujua unavyozimwa.

Mgongo wangu haukunyooka tena sawasawa, lakini si huo ninaoujutia. Baba mkwe alipofariki, siku za msiba nikiwa nimelala na mama mkwe kwenye mkeka mmoja, nilimuuliza kama mzee alikufa na kinyongo nami.

"Kinyongo cha nini?" alisema. "Siku ile alisimama chumbani, dirisha limefungwa, anasikiliza. Akasikia mlango wa dereva. Akasubiri mlango wa pili. Akasikia mnyororo wa bodi ya nyuma, akaja kukaa kitandani. Aliniambia, 'Nimeharibu mwenyewe.'"

Wanasema majuto ni mjukuu, na wangu sasa ni mtu mzima. Kutokukaa sijutii; hata leo, mbele ya kiti kile, nadhani magoti yangu yangekataa. Najutia mlango. Ningejua kuna mtu anasikiliza, ningeufungua nikaubamiza kwa nguvu zangu zote, ndipo nizunguke nipande nyuma polepole, nimeushika ule mnyororo mkononi usilie.