Namba Kubwa Juu ya Kichuguu

Binti yangu alinisihi niende Garissa siku tatu kabla ya nikaha yake. Nikamwambia mvua haijaamua, laga, lile korongo la mchanga lililo kavu hadi mvua inyeshe, haitajaa. Laga ikajaa usiku uleule, barabara ya Balambala ikakatika, nami nikabaki upande huu wa maji na kanzu yangu mpya ndani ya mfuko. Kosa hilo ni langu, sina wa kumsukumia.

Sheikh wa huko mjini alikuwa na moyo mwema. Alisema nitampa uwakala kwa simu amwozeshe binti kwa niaba yangu, mradi yeye na mashahidi wasikie sauti yangu bila shaka yoyote. Lakini baada ya alasiri alikuwa na safari, na asingengoja.

Kwetu mtandao hautulii. Unaupata hapa, ukipiga hatua kumi umekukimbia. Binti yangu hutengeneza simu pale Garissa, na alipokuja likizo alinifundisha jambo moja. "Aabo, usiamini vile vijiti vya mtandao. Kila kiwanda huvichora kinavyopenda. Simu yako itaonyesha vinne mahali simu ya mama inaonyesha viwili, na mawimbi ni yaleyale. Ingia kwenye mipangilio, kuna namba. Hiyo ndiyo kipimo." Akataka kuendelea, nikamkatiza. "Hesabu nilisoma kabla hujazaliwa. Kidato cha nne si mchezo."

Basi asubuhi ya nikaha nilizunguka boma lote na kipande cha katoni, nikiandika namba ya kila mahali. Kwenye mti wa mgunga, tisini na saba. Kando ya birika la ngamia, themanini na tatu. Juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya zizi, mia moja na kumi na nne. Kila namba ilitanguliwa na kistari kidogo, nikadhani ni pambo la simu. Nikachagua kichuguu, nikafurahi kama aliyevumbua kisima.

Wazee wanne walipanda nami, mikeka ikatandikwa kwenye mteremko, chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa. Nilipiga. Nikasikia "salaa..." kisha mkwaruzo, kisha kimya. Nikapiga tena. Mara ya tano, mzee mmoja aliyekuwa akiteleza na mkeka wake akauliza, "Hii namba yako kubwa inasema nini?"

"Ngoja, inakusanya nguvu," nikajibu.

Huku chini mke wangu alikuwa kwenye birika na kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, akiongea na kucheka na dada yake aliyekuwa Garissa harusini. Nilimwona dakika nyingi, na kwa kiburi changu sikutaka kuona. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Msomi," akaniita, "sheikh anavaa viatu. Utashuka, au tumwozeshe binti kwa ngamia?"

Wazee wakacheka hadi chai ikamwagika. Nikashuka, wao nyuma yangu na mikeka begani. Pale kwenye birika nikapiga kwa simu yangu, na sauti ya binti yangu ikaja safi kana kwamba amekaa ukingoni.

"Aabo, ulikuwa wapi?"

"Kwenye mia moja na kumi na nne."

Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa mdogo. "Kile kistari mbele ya namba, Aabo, ni chini ya sufuri. Fikiria kisima. Sufuri ni mdomo wake. Themanini na tatu maji yako karibu, mia moja na kumi na nne kamba haifiki. Nilitaka kukwambia siku ile."

"Nilikukataza," nikasema. "Nisamehe."

Sheikh akachukua simu. Nikatamka uwakala polepole, neno kwa neno, akarudia maneno yangu, mashahidi wakasema wamesikia. Tukasikia bwana harusi akikubali, kisha vigelegele vikalipuka simuni hadi ngamia wakainua vichwa vyao majini. Mke wangu akajibu kwa vyake, vikali kuliko vya mji mzima.

Binti akarudi simuni. "Aabo, lile neno ulilosema kabla ya sheikh. Huku kulikuwa na kelele. Lirudie."

Wazee wote walikuwa wamenizunguka. Maishani mwangu sikuwahi kumwomba mtoto msamaha mbele ya watu. Nikasema tena kwamba nilikosea kumnyamazisha, na nilikosea kuhusu mvua.

"Kwa sauti, Aabo, mume wangu asikie unavyokosea."

Nikasema kwa sauti. Wazee wakapiga makofi.