Usiku Mwema wa Sista Ludmila

Enzi zetu, na ninyi mliolala bwenini mtanielewa, mzazi hakumtakia mtoto ndoto njema. Nani alikuwa na muda huo? Mama yangu kule Mtowisa, bonde la Rukwa, alitulaza kwa maneno yale yale kila siku: "Laleni, mafuta ya taa yanaisha!" Nasi tulilala fofofo. Leo binti yangu Oliva anatumiwa "usiku mwema" na watu kumi na tano kwenye simu, pamoja na picha za mioyo na maua, na saa sita bado yuko macho anawajibu.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipolazwa hospitali Sumbawanga. Nyumbani hapakuwa na wa kukaa nami, nikapelekwa shule ya misheni upande wa Mwazye. Mtoto wa bondeni, niliyezoea joto na wali, nikajikuta juu Ufipa katika baridi ya mwezi wa sita, ugali wa ulezi mbele yangu na blanketi moja kitandani. Mchana nilisahau. Tulicheza rede mpaka sketi zikachanika, tukachoma viazi kwenye majivu ya jikoni na kuungua midomo kwa haraka. Taa zikizimwa ndipo hofu ilinijia. Niliamini kwamba nikifumba macho, mama atakufa. Basi nilikuwa najifinya nisisinzie.

Mlezi wa bweni alikuwa Sista Ludmila, mzungu mrefu kutoka Slovakia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: nawa, kula, sali. Lakini jioni, akipita na kandili kitanda hadi kitanda, alirudi kwenye lugha ya kwao, na sauti ikalainika: "Dobrú noc, sladké sny." Kisha alikuchora msalaba mdogo kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

Sisi, watoto wa Kifipa tuliofunzwa adabu, tukajua hiyo ni salamu. Sasa mkubwa akusalimu, umjibu umelala? Tulishuka vitandani wote, tukapiga magoti kwenye sakafu ya baridi na kupiga makofi taratibu, kama tulivyowapigia bibi zetu. Sista akafurahi, akadhani tunataka tena, akarudia. Nasi tukapiga tena. Mwenzetu anatutakia usingizi, sisi tunaamka! Mchezo huo ulikwenda karibu wiki mbili, mpaka mpishi wetu, Mama Skola, aliyekaa na masista hao miaka mingi hadi akaijua lugha yao, alipopita mlangoni akatuona. Alicheka hadi akakaa chini.

"Jamani wanangu, Sista anawaambia mlale! Anawatakia usiku mwema na ndoto tamu. Huko kwao ndivyo mtoto anavyolazwa."

Akamgeukia Sista na kumweleza kwamba makofi yale ni heshima, ndiyo anayopewa mzazi. Sista akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Akaomba tuendelee, ila tuwe ndani ya blanketi. Ikawa ndiyo desturi ya bweni letu: maneno, msalaba, makofi matatu chini ya blanketi.

Usiku mmoja alinikuta nimetoa macho. Nikamwambia yote, kwamba nikilala mama atakufa. Sijui alielewa maneno mangapi. Aliweka kandili chini, akaketi kitandani pangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wewe lala. Mimi macho. Kwa mama."

Nililala. Na kila usiku baada ya hapo aliniongezea maneno hayo, hadi mama alipokuja kunichukua kwa miguu yake mwenyewe, amekonda lakini anacheka.

Nilipokuwa darasa la saba huko kwetu bondeni, nikasikia Sista amerudi kwao, na sikuwahi kumshukuru. Deni hilo la moyoni nimekaa nalo hadi nimeota mvi. Mwaka huu Oliva, kwa simu hiyo hiyo ninayoisema vibaya, alimtafuta mpaka akampata kwenye nyumba ya masista wazee. Akanionya mapema.

"Mama, usije ukalia. Wanasema hakumbuki mtu tena."

Nilitaka anijue tu, nimwambie asante. Sista akatokea kwenye kioo cha simu, mdogo, amefunikwa blanketi hadi kifuani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Sista." Nikataja jina langu, nikataja Mwazye. Macho yake yakanipita tu. Nikasema, "Dobrú noc, sladké sny." Akatabasamu kama unavyomtabasamia mgeni. Moyo ukanivunjika.

Sikujua nifanye nini tena. Nikashuka kwenye kochi, na magoti yangu haya mabovu, nikapiga magoti sebuleni mbele ya binti yangu, nikapiga makofi matatu, taratibu.

Mkono ukatoka kwenye blanketi. Kidole gumba kikasogea, kikasogea, kikajaa kioo kizima, kikachora msalaba.

"Wewe lala," akasema kwa Kiswahili. "Mimi macho."

Nililia, onyo la Oliva nikaliacha pale pale. Asante nilisema, ila sijui kama ilisikika. Enzi zetu bweni zima lililala kwa sababu mtu mmoja alikubali kukesha. Siku hizi sote tunakesha, kila mtu na simu yake, na hakuna anayekesha kwa ajili ya mwenzake. Usiku ule Oliva aliizima yake bila kuambiwa, akaja kulala kitandani kwangu. Nikamchora msalaba, na chini ya blanketi nikasikia makofi matatu.