Pishi ya Mama Riziki Katika Darasa la Sita B

Nilipoaga nyumbani Moa kwenda chuo cha ualimu, mjomba wangu alisema mbele ya watu barazani: "Huyu kakaa Mombasa miaka saba akibeba magunia bandarini. Watoto atawabebesha nini?" Watu wakacheka. Mwingine akasema ningerudi kabla mihogo haijakomaa. Wa tatu, niliyesoma naye, alisema lililoniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli: nilifeli darasa la saba, na aliyefeli hafundishi.

Leo stashahada yangu imetundikwa sebuleni, na kila anayeingia huipita kwanza kabla ya kufika kwenye kiti. Cheti cha sekondari nilikipata kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani nilijisomea bila shule wala mwalimu, mzigo begani na kitabu mfukoni. Ninyi walimu vijana mkiona najisifu, niacheni. Wakati ule sikuwa na wa kunisifia.

Siku ya kwanza kazini niliripoti katika shule moja ya msingi huko Mabawa. Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kujuana, na kitabu kimoja cha hesabu kilisomwa na watoto wanane, wa pembeni wakikisoma kwa ubavu. Mwalimu Mkuu, Mbondei mfupi aliyependa kusimama mlangoni, alinikabidhi vipande viwili vya chaki.

"Hivi ni vya wiki," akasema. "Vikiisha, tumia akili."

"Akili ninayo, Mwalimu Mkuu."

"Tutaona. Umepangiwa sita B."

Mkondo wa B ndiko walikokusanywa watoto walioitwa wazito. Walimu waliopita walikaa nao kama abiria wanaongoja gari jingine. Nami sikuwa na nafasi ya kungoja, kwa sababu mwajiriwa mpya alikuwa katika kipindi cha majaribio. Mwalimu Mkuu na Mkaguzi wa Shule wakiridhika naye, alithibitishwa kazini. Wasiporidhika, alipewa barua ya kurudi kwao. Kwetu mimi ni Moa, barazani kwa mjomba.

Nilianza na somo la sehemu: nusu, robo, robo tatu. Niliandaa azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, kwa mwandiko mzuri sana. Nikachora duara ubaoni, nikaligawa, nikaeleza, nikarudia. Chaki ikaisha Jumatano. Mkaguzi akaja Alhamisi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliotutisha. Akamsimamisha msichana mmoja, Riziki, akamwuliza robo tatu ni nini. Riziki akaangalia miguu yake. Akawauliza wengine watano, nao wakaangalia miguu yao.

Nje ya darasa Mkaguzi akaniambia, "Nitarudi mwisho wa muhula. Watoto hawa wakiwa bado hawajui sehemu, sitaweza kutia sahihi karatasi yako."

Jumamosi ile nilikwenda sokoni. Nikamkuta Riziki na mama yake wakiuza nafaka. Mteja alitaka pishi moja na kibaba kimoja na nusu cha mtama. Msomaji wa leo aliyezoea kilo ajue kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Riziki alipima, akapokea noti, akarudisha chenji, na macho yake yalikuwa kwa mteja wa pili.

Nikamsogelea. "Riziki, hiyo uliyompa ni vibaba vingapi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Vitano na nusu."

"Marahaba. Na robo tatu ya pishi?"

"Vitatu. Mwalimu, wanunua au wauliza tu?"

"Shika adabu," mama yake akamkemea, ila naye alikuwa akicheka.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Mtoto aliyekaa kimya mbele ya ubao wangu alikuwa akifanya sehemu tangu anaota meno. Hakuwa mzito yeye. Mzito nilikuwa mimi, niliyejua njia moja tu ya kufundisha, ile ile iliyonifelisha.

Nikamwomba Mama Riziki aniazime pishi na kibaba. Akanipa pishi yake ya akiba na kibaba kimoja. "Chukua, Mwalimu, ila usinirudishie na chaki ndani."

"Chaki yenyewe sina, Mama."

Jumatatu tulijaza mchanga mkavu badala ya nafaka, na nusu ya darasa ikaamka. Nusu nyingine ikabaki vile vile, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Mtoto mmoja, baba yake sheikh, hakutaka kushika mchanga. Lakini chuoni kwao, yaani madrasa, alikuwa amesikia mirathi ikigawanywa, akijua thumni ni moja ya nane na sudusi ni moja ya sita. Huyo nilimfundisha kwa masikio, kwa visa vya marehemu na warithi wake. Mwingine, mjukuu wa kibarua wa mkonge, hakutulia kitini mpaka nilipoazima ngoma kwa wazee wa mtaa, akapiga mapigo manne na kutuonyesha robo iko wapi. Kinyozi wa mtaa wa jirani, Usagara, aliniazima kioo, nikawaonyesha wale wa macho jinsi nusu ya umbo inavyokamilika ikitazamwa kiooni. Seremala akaniazima futi ya mbao. Daftarini, mbele ya kila jina, nikaacha kuandika alama, nikaandika mtoto huyu huingiwa na somo kwa mlango gani.

Mwalimu Mkuu hakupenda. "Serikali imeagiza kilo," akasema, "wewe wafundisha pishi. Na hiyo ngoma, kuna harusi?"

"Wakijua robo ya pishi, robo ya kilo wataijua."

"Mkaguzi akikukatalia, mimi simo."

Mwisho wa muhula Mkaguzi alirudi, akakaa nyuma kabisa na kalamu mkononi. Mwalimu Mkuu akasimama mlangoni kama kawaida yake. Mkaguzi akasema jambo jepesi: "Nionyesheni kwamba robo nne ni kizima."

Kikundi cha Riziki kilipewa kazi. Sasa, mtu wa pwani akipima kibaba hakiachi sawasawa na ukingo. Hukijaza mpaka kikafanya kichwa, kilima kidogo juu, maana muuzaji asiyeweka kichwa huitwa mchoyo mtaa mzima. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Muhula mzima tulikuwa tukimimina kutoka pishi kwenda kibaba, nayo pishi ikiwa na kichwa chake, kwa hiyo hesabu ikitoka sawa bila sisi kufikiri. Siku ile ilikuwa kinyume, kutoka kibaba kwenda pishi. Kibaba cha kwanza na kichwa chake, cha pili na kichwa chake, cha tatu. Cha nne kilipoanza kumiminwa, pishi ilifurika, mchanga ukamwagika sakafuni hadi kwenye viatu vya Mkaguzi.

"Mwalimu," akasema kwa upole ule ule, "naona kwenu kizima ni robo tatu na kitu."

Mwalimu Mkuu akageuka kutazama uwanja. Akilini nilimwona mjomba akinisogezea nafasi barazani.

Riziki akainama, akazoa mchanga, akaurudisha ndooni. "Bwana Mkaguzi," akasema, "hapa tumepima kama mteja yupo. Kichwa ni hisani ya muuzaji, hakimo kwenye kipimo."

Akachukua futi ya seremala, akajaza kibaba, akakifuta kwa ubapa wake kikawa sawa na ukingo. Akamimina. Mara nne. Pishi ikajaa mpaka ukingoni, pasipo kuzidi wala kupungua.

Mkaguzi akasimama. Akamgeukia mtoto wa sheikh, akamwuliza nusu ya robo. "Thumni," akajibu, "moja ya nane, fungu la mke mwenye watoto." Akamwuliza na wa ngoma, naye akajibu kwa vidole juu ya dawati. Mkaguzi akapita dawati kwa dawati, na kila mtoto akajibu kwa mlango wake.

Nje akaniuliza, "Nani kakufundisha kufundisha hivi?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. Katika yote niliyojisifia maishani, hilo ndilo ninalolionea haya. Ningemtaja Riziki.

Alitia sahihi pale pale, karatasi ikiwa juu ya tangi la pikipiki yake. Nilirudi darasani nikakaa kwenye dawati la mtoto, nikavuta pumzi ambayo nadhani niliizuia tangu Moa. Mwalimu Mkuu akapitisha kichwa dirishani. "Hongera. Huo mchanga utaufagia wewe."

Baadaye nilihamishiwa Usagara, chini ya Mwalimu Mkuu mwanamke aliyenisukuma nikasomee stashahada. Biashara huria ikaja, maduka yakajaa, vitabu vikawa vya kuchagua, na semina nazo zikaja. Mwezeshaji mmoja kijana akabandika karatasi kubwa ukutani, akatueleza kwamba akili za watoto ni za aina nyingi: za maneno, za hesabu, za muziki, za mwili na nyingine. Akaniuliza, "Mzee, akili hizi umewahi kuzisikia?"

"Kuzisikia sijazisikia," nikasema, "ila nimewahi kuziazimia vyombo."

Ukumbi ukacheka. Nikamwonya jambo moja, nanyi nawaonya. Msimpachike mtoto jina, kwamba huyu ni wa mikono basi. Nilimwandika Riziki hivyo, na mwaka uliofuata nikamkuta amejifungia na kitabu, hataki kuguswa. Milango hufunguka na kufungwa, kwa hiyo bisheni hodi kila mwaka.

Nilipostaafu niliona siwezi kupumzika nyumba ikiwa na vyombo vya watu. Kila mwaka nilitaka kuvirudisha, na kila mwaka darasa jipya likanizuia. Basi nilikodi mkokoteni. Mama Riziki alikagua pishi yake na kibaba chake ndani, akatafuta chaki, akakosa. Wazee wa ngoma walikuwa wamebaki wawili, nao wakaipiga pale pale mlangoni. Seremala akaitazama futi yake, akasema, "Kumbe ndiyo maana meza zangu zilikuwa hazikai sawa miaka yote."

Wa mwisho alikuwa kinyozi. Kioo chake kilivunjika pembe mikononi mwa wanafunzi, wakati ule madukani hakuna kioo, naye akanyoa watu bila kioo wala kulalamika. Nikampelekea kipya, kikubwa maradufu.

Akakitazama. "Mwalimu, hiki kitawaonyesha wateja kichwa kizima. Nitapata kazi mimi?"

"Kitundike."

Akakitundika, akanikalisha, akaninyoa ndevu taratibu. Nilipotoka nje jua lilikuwa la saa nne. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani Mabawa, mikono mitupu, sina cha mtu.