Upweke Hautafutwi Kwenye Kwaya

Safari hii ilianza na aibu. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa saikolojia hapa Kisangani, nikiandika juu ya upweke wa wajane, na wajane wote niliowahoji nilikuwa nimewatoa kwenye kwaya ya parokia yetu, huku mtaa wa Tshopo. Profesa wangu alifunga daftari taratibu.

"Mademoiselle, unatafuta upweke mu kwaya? Anza upya, andika majina ya bote, piga kura bachaguliwe kwa bahati. Bila ile sitasoma."

Zilibaki wiki mbili za kuwasilisha kazi.

Alfajiri nilipanda pikipiki ya kukodi, mimi na dereva tukavuka mto Tshopo kushika njia ya Bengamisa. Barabara ilikuwa tope tupu na mara mbili nilishuka kusukuma. Sikunung'unika. Nilikuwa nimeapa kutorudi na kazi mbovu tena.

Saa nne tulifika kijiji kimoja karibu na Bengamisa. Mkuu wa kijiji alikuwa amepata ujumbe wangu, naye akaniwekea tayari wajane kumi uani kwake, wamevaa vitenge vya sikukuu. Mgeni huonyeshwa kilicho kizuri, ndiyo adabu ya huko. Nilitamani sana kuwahoji hao hao, nile lituma, ndizi za kuponda nilizopikiwa, nijirudie zangu. Lakini hao ni watu walioitwa wakaja, wakicheka pamoja. Ilikuwa kwaya yangu ileile.

"Papa chef, merci mingi," nikasema. "Naomba majina ya bajane bote ya kijiji."

"Hawa habatoshe?"

"Banatosha, papa. Lakini kura njo inapashwa kuchagua."

Hakupenda, ila alinitajia majina. Niliyaandika kwenye vikaratasi, nikavitia sufuriani, na mama mmoja akachomoa kumi. Jina la tano lilipotoka, mkuu alikunja uso.

"Mama Véro, acha. Anaikala mwisho ya kijiji, hasemake na mutu. Chomoa ingine."

"Nikichomoa ingine, papa, itakuwa ni mimi nimechagua."

"Atakutukana."

"Anitukane."

Saa tisa nilipiga hodi kwa Mama Véro. Hakunitukana. Aliuliza tu nani amenituma.

"Hakuna mutu, mama. Karatasi njo ilitoka na jina yako. Unaweza kukatala."

Alinisogezea kiti. Alijibu yote bila haraka, hadi swali la mwisho: nani alikuja kukutembelea mara ya mwisho?

"Ni wewe."

Nilimweleza kwamba mimi sihesabiwi. Je, kabla yangu?

Alifikiri. "Bale balileta sanduku ya maiti ya bwana yangu."

Niliandika huku machozi yakinilenga, wala sikuyaficha.

Kesho yake nilirudi Kisangani, na profesa alisoma kazi yote. Nilichojifunza ni hiki: kura haimjui mtu, ndiyo maana humfikia yule ambaye sisi tunaomjua tumemruka.

Jumapili iliyofuata sikwenda kwaya. Nilikwenda nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa mjane ambaye sikuwahi kumwuliza swali lolote.