Cheti cha Kulwa

Natangaza rasmi: leo nimekunywa chai kwa Kulwa, Kawajense. Sukari ilitosha.

Ukutani kuna cheti cha tabia njema. Klabu yetu ya kujitolea ilikuwa ikimpa mhitimu mmoja wa darasa la saba kila mwaka, miaka ya tisini. Mwandiko wangu, ule mbaya.

Kulwa akaniambia: "Mwalimu, hiki ndicho kilininyoosha. Nilikuwa mtukutu, lakini nyie mliona kitu."

Pacha wake, Doto, akacheka ndani ya kikombe.

Jamani (Kulwa hayumo humu kwenye kundi letu, nimehakikisha), hatukuona kitu. Aliyechaguliwa ni Doto. Mimi katibu nikakosea, nikaandika Kulwa. Jina liliposomwa, mama yao akapiga vigelegele huku analia, nikashindwa kusimama kusahihisha.

Nyie mngefanyaje?

Leo mlangoni Doto kaninong'oneza: "Mwalimu, hicho usikisahihishe."